Majira ya baridi Kew: siku Mama alipokutana na mkonge

Wenzangu mliowahi kumleta mzazi Ulaya wakati wa baridi mtanielewa. Baba alifariki Mei 2023. Mama alipomaliza eda, sisi watoto tukakubaliana asikae peke yake Muheza, nami niliye mbali nikasema nitamchukua. Viza ya miezi sita ikatoka, tiketi ikakatwa, na Novemba Mama akashuka London, kanga mbili juu ya koti nililomtumia.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha. Ya pili akaanza kuuliza jua limekwenda wapi. Ya tatu akahamia kwenye kiti kilicho karibu na hita, na hapo ndipo akaweka makao. Sala, chai, simu za Muheza, usingizi. Nikirudi kazini namkuta palepale, pazia limefungwa. Siku moja akaniambia kwa upole tu: "Mwanangu, nirudishe nyumbani. Huku sina kazi."

Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Tangu afike hakuwa amemtaja Baba hata mara moja.

Nyumbani yupo mwanangu wa miaka tisa, ambaye Kiswahili chake ni cha salamu. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, mume wangu." Akiitwa hivyo huona haya, maana shuleni kwao hakuna anayeitwa mume na bibi yake. Wakishasalimiana, mazungumzo yameisha. Si kwamba hawapendani. Hawana la kuambiana, na hata wangekuwa nalo, hawana lugha.

Tukapatana na Mama: ikifika mwisho wa Februari hajapata raha, nabadilisha tarehe ya tiketi, gharama juu yangu.

Taa za Desemba

Jirani akanishauri tumpeleke Kew, bustani kubwa ya mimea iliyo magharibi ya London, ambayo tangu 2003 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mimi nilidhani bustani ni jambo la kiangazi. Kumbe huko baridi ina ratiba yake. Tangu 2013, kila mwaka kuanzia Novemba hadi mapema Januari, bustani hufunguliwa usiku kwa matembezi ya taa yanayoitwa Christmas at Kew. Unafuata njia inayokaribia kilomita 3, miti imevikwa taa, muziki unatoka vichakani, na mwishoni unafika mbele ya lile jumba kubwa la vioo, Palm House, taa zikicheza juu ya bwawa lake.

Nilifanya makosa mawili. Nilichukua tiketi ya usiku kwa sababu za jioni zilikuwa zimekwisha, na Mama alivaa raba za kitambaa. Njia ile inakwenda upande mmoja, ukishaingia unasonga mbele na wenzako. Mwanangu alikimbia kutoka taa hadi taa. Mama alitembea kimya, mikono kwapani. Tulipofika mwisho akasema, "Taa nzuri. Wamejitahidi. Sasa twende nyumbani," nami nikajua hilo nyumbani si la kwangu.

Kilichobaki akilini mwake kilikuwa lile jumba la vioo, ambalo usiku ule tuliliona kwa nje tu. Ndani ya treni akauliza, "Mle ndani mna nini?" Nikamwambia mna minazi. Akanitazama kama mtu anayetaniwa.

Okidi za Februari

Tulirudi Februari, safari hii mchana. Kila mwaka mwezi huo Kew hufanya tamasha la okidi, na kila mara huchagua nchi moja. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Madagaska. Maonyesho huwa ndani ya Princess of Wales Conservatory, jumba lililofunguliwa 1987, lenye kanda kumi za hali ya hewa chini ya paa moja. Unatoka kwenye ukavu wa jangwa, unafungua mlango, na uso wako unapigwa na unyevunyevu wa msituni.

Miwani ya Mama ilijaa ukungu. Alisimama akaifuta kwa ncha ya kanga, akavuta pumzi, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja. Nilikuwa sijamwona bila koti nje ya nyumba tangu afike.

Okidi zilikuwa maelfu, lakini moja ndiyo iliyomshika mwanangu. Ni ua jeupe la Madagaska lenye umbo la nyota, na nyuma yake unaning'inia mrija mwembamba unaokaribia sentimita 30, utamu wote uko chini kabisa. Mwaka 1862 Charles Darwin aliletewa ua hilo akasema lazima yupo nondo mwenye ulimi mrefu wa kufika huko. Watu wakamcheka. Nondo huyo alikuja kutambuliwa 1903, Darwin akiwa ameshafariki. Mwanangu alinisomea habari hiyo kwa Kiingereza, nami nikamfasiria Mama. Mama akatikisa kichwa: "Mungu hamsahau mtu, hata mdudu kamwekea chake."

Tukaona na vanila. Nayo ni okidi, asili yake Meksiko, na aliyegundua njia rahisi ya kuichavusha kwa mkono, mwaka 1841, ni Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion. Mwanangu akauliza, "Miaka kumi na miwili tu?" Safari hii hakuniuliza mimi. Alimtazama Bibi.

Mkonge

Kilichotokea baada ya hapo sikukipanga. Tulipokuwa tunatoka tulipita upande wa jangwa, penye mipungate, mishubiri na mimea yenye majani mapana ya nyama, ncha kama sindano. Mama akasimama.

"Huu mkonge," akasema.

Mwanangu akainama kwenye kibao. "Agave. Mexico."

"Anasemaje?"

"Anasema ni wa Meksiko, Mama."

"Mkonge? Mkonge ni wa Tanga!"

Akaanza kueleza, kwanza kwangu, kisha akamgeukia mjukuu wake moja kwa moja, kana kwamba Kiswahili anakijua chote. Kwamba babu yake alikata mkonge tangu kijana. Kwamba unaanza kabla jua halijatoka, unakata ncha kwanza isije ikakutoboa jicho, unakata majani ya chini, unayafunga mafungu, gari linayapeleka kwenye korona kusagwa, zinabaki nyuzi ndefu nyeupe zinazoanikwa kama nywele za kizee. Kwamba maji yake yanawasha, na jioni babu akirudi, yeye Mama alikuwa anampaka mafuta ya nazi mikononi kabla hajala. "Hapa," akasema, akaushika mkono wa mwanangu, akaonyesha kati ya kidole gumba na cha shahada. "Hapa alikuwa na kovu. Unalikumbuka, mwanangu?"

Nalikumbuka. Tukakaa kwenye benchi. Mama akalia kidogo, kwa mara ya kwanza mbele yangu tangu tuzike. Watu walipita na kamera zao. Mwanangu hakuutoa mkono wake.

Usiku ule alitafuta kwenye intaneti habari za mkonge akaja na jibu ambalo liliwapa wote wawili haki. Mkonge kweli ni wa Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida, na inasemekana miche 62 tu ndiyo iliyofika Tanga hai. Kutokana na hiyo mashamba yakaenea hadi jina la Tanga likawa halitajwi bila mkonge. Nikamfasiria Mama. Akafikiri kidogo. "Basi ulikuja kama mimi," akasema, "ila wenyewe uliona jua."

Kumbe bustani anazijua

Tangu siku hiyo tulikwenda kila Jumamosi. Ndani ya Palm House, lililojengwa kati ya 1844 na 1848 kwa chuma na vioo, Mama alikuwa mwalimu. Mwanangu husoma kibao, Mama hutoa jina la kwetu na kazi yake: huu mchikichi, hii mipilipili manga, huo mkakao. Kibao kinaeleza mmea unatoka wapi, hakielezi unapikwaje. Mwanangu akaanza kuandika majina kwenye daftari.

Mimi niliyedhani namwonyesha Mama kitu kigeni, nilikuwa nimesahau kwamba Muheza iko chini ya milima ya Usambara, na juu yake ipo Amani, bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Mama alikwishapanda huko akiwa msichana. Halafu nikasoma kwamba wataalamu wa Kew ndio walioongoza kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania, iliyochapishwa sehemu kwa sehemu tangu 1952 hadi 2012: zaidi ya aina 12,000. Kwa hiyo misitu yetu imo kwenye rafu za watu hawa siku nyingi.

Kama unataka kwenda

Kwa walio London: shuka kituo cha Kew Gardens, kwenye njia ya District. Nunua tiketi mtandaoni, huwa nafuu kuliko mlangoni. Mkiwa mnapata msaada wa serikali kama Universal Credit au Pension Credit, ulizia tiketi ya pauni moja. Familia nyingi za kwetu hazina habari nayo. Okidi zimo ndani ya kiingilio cha kawaida cha mchana, lakini matembezi ya taa yana tiketi yake, na ya saa za mapema huisha haraka. Mpe mzee buti na soksi mbili. Na kama mzee wako ni kama Mama, anza na majumba ya joto, taa zitangoja.

Mlio Washington, United States Botanic Garden hawatozi kiingilio, na kila Desemba huweka majengo maarufu ya mji yaliyoundwa kwa mimea. New York, bustani ya Bronx ina maonyesho ya treni ndogo tangu 1992. Chicago kuna Garfield Park Conservatory, jumba la vioo la tangu 1908. Ninyi wa Ghuba mnatucheka tu, maana kwenu baridi ndiyo majira ya kutoka nje.

Mama hakubadilisha tiketi. Wala hakubadilisha nia: Aprili, tarehe ileile, alirudi Muheza, na uwanja wa ndege alitembea haraka kuliko mimi. Sitaki kuwadanganya kwamba bustani ilimfanya aipende London. Ilimpa mahali pa kuvua koti, na mtu wa kumsimulia habari za Baba.

Kabla hajaondoka tulipita dukani akaona kwenye rafu vyungu vidogo vya maua ya zambarau, yale ambayo Wajerumani hadi leo huyaita ua la Usambara. Yalipelekwa Ulaya kutoka milima ile ile miaka ya 1890, na sasa yanauzwa pauni chache karibu na mikate. Mama alicheka hadi mwenye duka akageuka. "Haya yanaota kwenye mawe yenye kivuli, kando ya maji. Hayanunuliwi!" Tukalinunua moja.

Liko kwenye ukingo wa dirisha, mbali kidogo na hita. Mwanangu hulinywesha kwa chini, kwenye kisahani, kwa sababu maji baridi yakigusa majani hutia madoa. Kila Jumapili humpigia Bibi yake kumpa ripoti. Kiswahili chake bado kina mashimo, lakini wiki iliyopita nilimsikia jikoni akisema: "Bibi, ua letu limetoa jani jipya. Kule kwenu mvua imenyesha?"