Zawadi 12, wanachama 6: mtagawaje bila kugombana?

Ukiwa kwenye chama pale Ekerenyo unajua Disemba huwa vipi. Pesa zinatolewa, vitu vinanunuliwa kwa jumla, halafu inabaki kazi ngumu: nani achukue nini? Blanketi si sufuria, na sufuria si mtungi wa gesi.

Kununua vitu vya bei moja hakumalizi maneno. Mama anayepika kwa kuni hana haja na gesi, na mwenye blanketi tatu nyumbani anataka chupa ya chai. Kwa hivyo tunashauri msigawiane; kila mtu ajichagulie kwa zamu. Raundi ya kwanza mnaenda wa 1 hadi wa 6. Ya pili mnageuza, wa 6 ndiye anaanza. Aliyekuwa mwisho anachukua viwili mfululizo, na hilo linampoza kidogo.

Sasa, nani awe wa kwanza? Hapo ndipo urafiki huvunjika. Kijana anayejua kompyuta anaweza kuandika programu ya kuchanganya majina. Njia yenyewe ni ya zamani, Ronald Fisher na Frank Yates waliiandika mwaka 1938. Hesabu yake ni safi. Shida ni mkono unaobonyeza: nani atajua kama amebonyeza mara nne mpaka jina la shangazi yake likatokea juu?

Kuna dawa, na haihitaji hata simu. Jipeni namba 1 hadi 6. Kila mmoja aandike namba yoyote kwenye karatasi na kuikunja. Zikishakunjwa zote, zifunguliwe mbele ya watu, mjumlishe, mgawanye kwa 6. Tuseme mmepata 4, 17, 9, 30, 2 na 15. Jumla ni 77. Ukigawanya kwa 6 inabaki 5. Mwanachama wa 5 anaanza, kisha wa 6, wa 1, na kuendelea. Isipobaki kitu, wa 6 anaanza. Hata watano wakila njama, hawajui wa sita ameandika nini. Lakini mtu asiruhusiwe kuandika baada ya kuona za wenzake, maana huyo ataamua kila kitu.

Aliye Nairobi hapotezi zamu. Atume mapema orodha ya zawadi zote 12 akianza na anayoipenda zaidi. Zamu yake ikifika, anachukuliwa ile ya juu iliyobaki. Programu ya kijana wenu inaweza kufanya hivyo kwa wote, bila mkutano mrefu.

Na kitu kimoja kikiwa ghali? Tuseme mtungi ni shilingi 3,000 na vingine 1,500 kila kimoja. Anayeuchukua atume 1,250 kwenye akaunti ya chama, na mhazini awatumie wale watano 250 kila mmoja. Kila mtu anakuwa na ziada ya 250. Kubalianeni bei kabla ya kura, si baada, na ada ya kutuma itoke kwa mfuko wa chama. Mhazini asifute jumbe za kuthibitisha. Azionyeshe kwenye kikao kinachofuata.

PIN yako haihitajiki popote katika kazi hii. Ukipata SMS kwamba umeshinda zawadi ya chama lakini utume ada kwanza, mpigie mhazini kwa namba uliyokuwa nayo tayari, si ile iliyokuandikia.