Moto wa Walpurgis: Sherehe ya Machipuko na Tatizo la Mfasiri

Schierke ni kijiji kilicho chini ya mlima Brocken, wenye kimo cha mita 1,141, katika safu ya Harz nchini Ujerumani. Theluji hukawia kuyeyuka huko. Usiku wa tarehe 30 Aprili, kuamkia Mei Mosi, moto mkubwa huwashwa ili kuaga majira ya baridi na kuyalaki machipuko.

Usiku huo huitwa Walpurgisnacht kutokana na Walburga, mtawa mzaliwa wa Uingereza aliyeongoza monasteri ya Heidenheim katika karne ya 8. Yeye hakuhusika kamwe na uchawi; sikukuu yake tu ndiyo iliyoangukia Mei Mosi. Wenyeji wa kale waliamini kwamba usiku huo wachawi hurukia fagio hadi kileleni kucheza na Shetani. Goethe aliieneza imani hiyo katika tamthilia yake Faust (1808), akiitaja Schierke kwa jina. Hivi leo wakubwa kwa wadogo huvaa pua za bandia na pembe, wakaandamana kwa muziki. (Brocken yenyewe ilifungwa kwa raia tangu 1961 hadi Desemba 1989, kwa kuwa ilikuwa mpakani.)

Mfasiri hupata kizungumkuti anapolikuta neno Hexenfeuer. Tukisema 'moto wa wachawi', a-unganifu yetu haibainishi iwapo wachawi ndio wanaouota au ndio wanaochomwa. Utata huu si wa kisarufi tu. Katika nchi za Kijerumani, watu wapatao 25,000, wengi wao wanawake, waliuawa kwa tuhuma za uchawi kati ya karne ya 15 na ya 18. Nasi hapa Kenya, mnamo Mei 2008, watu 11 waliteketezwa eneo la Kisii kwa tuhuma zizo hizo. Kwa msomaji wetu, 'mchawi' si vazi la mchezo.

Kwa maoni yangu, sherehe na iitwe 'moto wa Walpurgis', na washiriki waitwe 'waliojivika uchawi'. Hata hivyo, viko vijiji ambako sanamu ya mchawi hutupwa motoni huku watoto wakishangilia. Hapo tusitafute tafsida. Tuandike waziwazi kwamba wanakijiji wanamchoma mchawi, na msomaji wa Kisii ataelewa kinachoigizwa.