Chungu Kimoja, Mirija Kumi

Katika miji ya Ulaya na Marekani siku hizi watu hufunga safari kwenda kuonja bia za wapishi wadogo wadogo. Hukusanyika uwanjani, hukata tiketi, hupewa bilauri ndogo, kisha hupita meza kwa meza wakiulizana: hii imepikwa kwa nafaka gani, ile imekaa siku ngapi? Jambo hilo husifiwa kana kwamba ni uvumbuzi mpya. Mtu aliyepata kuishi katika kambi ya polisi ya Nsambya, mjini Kampala, hataliona kuwa geni hata kidogo. Kwake yeye, pombe iliyopikwa nyumbani kwa mkono wa mtu anayejulikana kwa jina, ikanywewa taratibu na marafiki waliokizunguka chungu kimoja, ni desturi aliyoikuta. Pombe hiyo ni malwa, ambayo Wateso, wenyewe hasa wa ufundi huu, huiita ajono.

Nsambya ni kilima chenye mambo mengi. Wengi hukijua kwa ajili ya hospitali ya Mtakatifu Fransisko, iliyoanzishwa na watawa wa Kikatoliki mwaka 1903. Lakini mteremkoni pana makazi ya askari polisi na jamaa zao, na makazi ya namna hiyo yana historia yake. Serikali ya kikoloni ilipenda kuwaajiri askari kutoka kaskazini na mashariki mwa Uganda: Waacholi, Walango, Wateso na wengineo. Watu hawa walipopangiwa nyumba ubavu kwa ubavu, mbali na mashamba yao, kila mmoja alikuja na lugha yake na namna yake ya kupika pombe. Lugha zilikutana katika Kiswahili, ambacho kilikuwa lugha ya gwaride na ya kisimani. Pombe nazo zilikutana katika chungu cha ulezi.

Yafaa kwanza tueleze jinsi malwa inavyopikwa, kwa sababu wengi wanaoifyonza hawajui kazi iliyomo, na asiyejua kazi hawezi kuonja, anakunywa tu.

Mpishi huanza kwa kusaga ulezi. Unga huo hutiwa maji kidogo, ya kuulowesha tu, ukawa kama donge, kisha huzikwa shimoni ndani ya majani ya migomba, au siku hizi hushindiliwa katika gunia au pipa na kufunikwa. Hukaa humo yapata wiki moja hata ukachacha. Ukitolewa hukaangwa juu ya bati pana lenye moto mkali chini yake, huku mpishi akiugeuza kwa sepetu bila kupumzika, mpaka ugeuke rangi ya kahawia na harufu yake ienee mtaa mzima. Kazi hiyo ya kukaanga ndiyo inayochosha kuliko zote. Moshi huingia machoni, mgongo huuma, na ukizembea dakika chache unga unaungua na pombe nzima inakuwa chungu. Baada ya hapo huanikwa juani ukauke.

Kando ya hayo hutayarishwa kimea. Ulezi mwingine hulowekwa usiku kucha, ukafunikwa mahali penye unyevu kwa siku mbili tatu mpaka uchipue, kisha ukaanikwa na kusagwa. Kimea ndicho chenye siri. Mbegu inapochipua hujitengenezea dawa ya asili ya kuugeuza wanga kuwa sukari, na hamira iliyomo huigeuza sukari hiyo kuwa pombe. Unga uliokaangwa, kimea na maji huchanganywa katika mtungi au pipa, na baada ya siku tatu hivi malwa huwa tayari. Ikiandaliwa humiminwa chunguni pamoja na makapi yake, na juu yake hutiwa maji ya moto, ambayo huyakamua makapi na kuleta utamu mdomoni. Maji yakipungua huongezwa tena, na tena, mpaka ladha iishe.

Sasa tazama jambo moja ambalo kwa akili ya kawaida halionekani. Unga uliokwisha kukaangwa na kukauka unaweza kuwekwa miezi mingi bila kuharibika. Kwa hiyo mama anayepika malwa kambini, aghalabu mke au mjane wa askari, ana kitu kama akiba ya benki ndani ya gunia. Akibanwa na karo ya shule, huchota unga, huchanganya kimea, na baada ya siku tatu ana fedha mkononi. Hii ndiyo sababu mama hao hawapendi kuitwa wauza pombe tu. Wao ni wenye mtaji, na mtaji wao ni mdogo mno.

Mtaji huo una maadui watatu. Wa kwanza ni uhamisho. Amri ikija kwamba mumewe anakwenda Moroto au Kasese, mama hupakia gunia lake la unga na mirija yake, lakini wateja hawapakiki garini. Huko aendako huanza upya, akimtafuta mtu wa kwanza atakayeisifu pombe yake. Adui wa pili alikuja Machi 2020, serikali ilipofunga vilabu vyote vya pombe nchini Uganda kwa sababu ya maradhi ya korona, na havikufunguliwa tena hadi Januari 2022. Watu kumi kukizunguka chungu kimoja, vichwa vimekaribiana, ndiyo hasa hali ambayo madaktari walikuwa wakiikataza. Amri ilikuwa ya haki, na bado iliwaumiza watu wasiokuwa na mshahara. Karibu miaka miwili ni muda mrefu kwa mtaji wa magunia mawili.

Adui wa tatu hakuletwa na amri wala ugonjwa. Ni deni. “Mama, tuandikie, tutalipa mwisho wa mwezi.” Maneno haya husemwa kwa tabasamu, na mara nyingi husemwa na mtu mwenye cheo kuliko mume wa mama huyo. Yeye ataanzaje kumdai afande? Mwisho wa mwezi ukifika, mdaiwa hupita njia nyingine, au hulipa nusu na kuomba chungu kipya juu yake. Mimi naona hili ni jambo la aibu kuliko ulevi wenyewe. Mlevi hujidhuru nafsi yake na nyumba yake. Asiyelipa huidhuru nyumba ya jirani ambaye hata hakunywa naye. Vipo vikundi vya wanywaji vilivyolitambua jambo hili vikaweka sheria ya kwamba fedha hutolewa kabla ya maji ya moto kumiminwa. Sheria hiyo ni njema, na askari ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kuishika.

Maana wasiojua hudhani kilabu cha malwa ni mkusanyiko wa wazembe, kumbe vingi vina utaratibu kamili. Kuna mwenyekiti, kuna katibu mwenye daftari, kuna mweka hazina. Kila mwanachama ana mrija wake na mahali pake pa kuketi. Mwenzao akifiwa huchangiwa sanduku na nauli ya kumsafirisha marehemu hadi kwao. Akiugua hutembelewa. Katika kambi ambamo kila mtu yuko mbali na ukoo wake, kikundi hicho hushika nafasi ya ukoo.

Na adabu yake ni kali. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Ivan Karp, aliyeishi miongoni mwa Wateso wa upande wa Kenya, alichapisha mwaka 1980 makala juu ya unywaji wao wa pombe, akaonyesha kwamba kaida za chunguni ni kaida za ujamaa wenyewe. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto. Mtu hapigi chafya akielekea chungu. Hapulizi ndani ya mrija mapovu yakatoka, wala hachungulii kilichomo kana kwamba anawashuku wenziwe. Mkwe na mama mkwe hawashiriki chungu kimoja. Adabu hizi zilihamia kambini pamoja na wenyewe, na huko zikaongezewa nyingine. Konstebo akiketi karibu na sajini bado humwita afande, lakini maji ni yale yale na mirija ina urefu ule ule. Pengine ni mahali pekee kambini ambapo mdogo anaweza kumwambia mkubwa neno la kweli, naye akalisikiliza mpaka mwisho kwa kuwa mdomo wake una kazi.

Mrija huo, kwa bahati, una ukoo mrefu. Wachimbuaji wa makaburi ya kale ya Uru, katika nchi ya Iraki ya leo, waliikuta ndani ya kaburi la malkia Puabi, aliyeishi yapata miaka 4,500 iliyopita, mirija ya dhahabu na ya fedha. Picha za mihuri ya zama hizo zinaonyesha watu wameketi wakinywa kutoka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake, kwa namna ambayo mkazi yeyote wa Nsambya angeitambua mara moja. Wa kwetu hauna dhahabu. Wa zamani ulikuwa wa mmea, wenye kichujio kidogo kilichosukwa mwishoni ili makapi yasipande. Siku hizi wengi hutumia mpira wa plastiki.

Tukirudi kwenye kuonja: mwenye rafiki mgeni anayetaka kuijua pombe ya Uganda anaweza kumtengenezea safari nzuri ya siku mbili bila gharama kubwa. Siku ya kwanza iwe ya malwa, alasiri, wakati jua limepoa. Mwonyeshe kwanza povu la juu, kisha anuse. Malwa njema ina harufu ya kukaangwa, kama ya mkate uliobabuka kidogo, na uchachu wake ni wa kuamsha ulimi, si wa kuukata. Kama ladha inapotea mara ya pili ya kuongeza maji, basi mpishi amebania ulezi. Kama inavuta uchungu, unga uliungua. Yafaa mgeni aonje vyungu vya wapishi wawili siku hiyo hiyo, hapo ndipo atakapofahamu kwamba mkono wa mtu una ladha yake.

Siku ya pili iwe ya viwanda, ikiwa mmeomba ruhusa mapema na kukubaliwa. Luzira, kando ya ziwa, kipo kiwanda cha Uganda Breweries kilichoanzishwa mwaka 1946. Bia yake ya Bell ina jina la bandari ya Port Bell iliyo jirani, na bandari yenyewe iliitwa kwa jina la mtawala wa Kiingereza, Hesketh Bell. Kwenye barabara ya mashariki, yapata kilomita 80 kutoka Kampala, ng’ambo ya mto kabla ya kuingia Jinja, kipo kile cha Nile Breweries huko Njeru, kilichoanza mwaka 1951. Humo mtaona mapipa ya chuma marefu kama nyumba, lakini jambo lenyewe ni lile lile la mama wa kambini: nafaka iliyochipuliwa, maji, moto, hamira na subira. Tofauti ni kwamba bia ya kiwandani hutiwa maua ya hopsi, huchujwa ikawa safi kama kioo, na hukaa ndani ya chupa miezi mingi. Malwa ni kitu hai. Kesho kutwa si ile ya leo.

Waulizeni pia habari za Eagle, bia iliyotolewa Njeru mwaka 2002. Haikupikwa kwa shayiri iliyozoeleka bali kwa mtama mweupe uitwao Epuripuri, uliotoka katika kituo cha utafiti cha Serere, huko huko Teso inakosifika ajono. Ushuru wake ulipunguzwa kwa kuwa ilitumia nafaka ya wakulima wa nchini.

Lisilofaa katika safari ya namna hii ni kuimalizia kwa pombe kali. Waragi si ndugu wa malwa. Malwa hunywewa kwa saa nyingi na watu wengi. Waragi humezwa mara moja na mtu mmoja. Mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale, watu zaidi ya 80 walifariki kwa kunywa pombe iliyotiwa spiriti ya sumu, na mwaka 2019 serikali ilikataza pombe kali za vifuko vya plastiki. Anayekwenda chunguni aache silaha ghalani na sare kabatini, aache sehemu ya mshahara mikononi mwa mama watoto kabla hajatoka, na dereva asiguse mrija. Mrija uwe wa mtu mmoja, uchemshwe au usuuzwe kwa maji ya moto ndani na nje, kwa maana vijidudu vya maradhi havijui urafiki. Mama mjamzito asinywe, na desturi ya kumwonjesha mtoto “kidogo tu” iachwe.

Chungu kikiisha nguvu, mwenyekiti hutangaza, mirija hukung’utwa na kuviringishwa, na watu huagana. Mama hubaki na machicha. Hayo hayatupwi. Alfajiri huja jirani mwenye nguruwe, au mwenye kuku, akiwa na ndoo yake, na huyo hulipa papo hapo.