Anunuaye Robo na Anunuaye Gunia

Mama mmoja wa Mombasa aliyeolewa Naivasha alitulalamikia kwamba wifi yake humwona mbadhirifu. Wifi huyo, aliyebaki Mombasa, hununua vitu vya mwezi mzima mshahara uingiapo: mchele kwa gunia, mafuta kwa dumu. Mwenziwe aliyeko Kihoto humtuma mtoto dukani kila jioni kuleta robo ya sukari, mafuta ya kupima na nyanya tatu. Wifi amepiga hesabu, nayo ni sahihi: robo nne za sukari zikijumlishwa, aghalabu hupita bei ya kilo moja. "Wewe wanunua umaskini," alimwambia.

Nasi, tukiri, tulikuwa upande wa wifi.

Kihoto ni mtaa wa Naivasha ulio karibu na ziwa, nao wamo wafanyao kazi katika mashamba ya maua na wengine wa vibarua vya mjini. Alipwaye leo hununua cha leo. Huyo twamwelewa upesi. Lakini mume wa mama huyu ana mshahara wa mwezi. Mbona naye hanunui gunia?

Alitujibu kwa neno moja: maji. Ziwa Naivasha halina mto uyatoao maji yake. Mvua zikizidi, hupanda na kuingia majumbani. Yaliingia Kihoto mwaka 2020, yakaingia tena 2025, watu wakahamishwa kwa mashua. Ile mara ya kwanza alikuwa na gunia la mchele sakafuni. Mchele uliolowa maji ya ziwa yaliyochanganyika na ya vyoo hata kuku hapewi. Tangu hapo duka ndilo ghala lake, na ile ziada ailipayo juu ya kila robo huiita kodi ya ghala. Hoja hiyo hatukuweza kuivunja.

Isitoshe, bibi zetu wa pwani walinunua kwa kibaba na pishi, wala hakuna aliyewaita wabadhirifu. Lililotutia wasiwasi ni jingine. Gunia hupimwa mara moja. Robo nne hupimwa mara nne, na kila kipimo ni nafasi ya kupunjwa. Huko bara mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro, na kopo lililobonyezwa kitako hubeba pungufu. Waislamu tumeonywa vikali juu ya hilo katika Suratul Mutaffifin, na onyo ni la muuzaji. Lakini mnunuzi naye ageuze kopo alitazame, asione haya. Mama huyu hulitazama. Muuzaji amekwisha mzoea.

Wifi alimzuru likizo ya Disemba, akaoneshwa ukutani alama ya yalipofikia maji. Hakusema kitu. Alirejea Mombasa akaendelea kununua kwa gunia, nasi hatumlaumu: yeye akaa ghorofa ya tatu.