Sataranji: Askari wa Kuliwa

Leo tutazame sataranji, mchezo wa watu wawili, kila mmoja ana kete 16. Mwaka 1972, mjini Reykjavik, Fischer wa Marekani alishindana na Mrusi Spassky, bingwa wa dunia. Baada ya michezo mitano walikuwa sawasawa. Katika wa sita Fischer, aliyezoea kuanza na askari wa mbele ya mfalme, alianzia upande wa malkia. Katika mwanzo huu mwenye kete nyeupe huweka askari mahali anapoweza kuliwa. Si uzembe, bali mtego: adui akimla, askari wake mwenyewe huondoka katikati ya ubao, na huko katikati ndiko kwenye nguvu. Spassky hakumla. Hata hivyo alishindwa, naye akampigia Fischer makofi pamoja na watazamaji.