Nani Kasema? Marejeleo na Akili Unde Darasani (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilihusu namna ya kuandika marejeleo: jina la mwandishi litangulie, mwaka ufuate, ukurasa usisahaulike. Wanafunzi wengi huishia hapo, wakayaona marejeleo kuwa adabu za karatasi tu, mithili ya kuchomekea shati siku ya usaili. Ndiyo maana akili unde, au akili mnemba kama wengine wapendavyo kuiita, imewapata kirahisi. Ikiwa marejeleo ni umbo tu, mashine inalijua umbo hilo kuliko mhadhiri yeyote. Hoja yangu ni kwamba marejeleo ni maelezo ya safari: neno lilipita kwa nani hadi kumfikia mwandishi, naye alilikagua vipi kabla ya kulipokea.

Wazo hili si geni kwetu, wala halikuletwa na vyuo vikuu. Wanazuoni wa hadithi za Mtume walilijengea elimu nzima, isnadi: nani kasikia kwa nani, je, walionana, kumbukumbu yake ilikuwaje. Hadithi yenye maneno mazuri iliweza kuhesabiwa dhaifu kwa kuwa pete moja ya mnyororo imekatika. Chukua pia mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi wa mwanzo wa karne ya 19. Mengi yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, aliyakusanya kwa watu waliokuwa bado wanayakumbuka. William Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akayafanyia uchambuzi wake wa mwaka 1979. Mwanafunzi anayeandika “Muyaka anasema” na kuweka 1979 kwenye mabano amemruka Sikujua, na pamoja naye ameruka swali la msingi: neno hili ni la Muyaka, au ni la kumbukumbu ya mzee aliyelisimulia?

Sasa tazama mashine. Programu kama ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, hutunga sentensi kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata, kutokana na maandishi mengi mno iliyofunzwa nayo. Ikiombwa marejeleo, huweza kuyatunga kwa njia ileile: jina la msomi anayefahamika, jarida lililopo, kurasa zenye tarakimu za kuaminika. Kila kipande kinaweza kuwa cha kweli, na makala yenyewe isiwepo duniani. Huo si uongo kama wa mtu anayejua ukweli akauficha. Mashine haina iliyemsikia. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 na Jaji P. Kevin Castel kwa kuwasilisha hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kutokea. Mmoja wao alikuwa ameiuliza mashine kama kesi hizo ni za kweli, ikamwambia ni za kweli. Yaani alimtaka msimulizi awe shahidi wa simulizi yake mwenyewe, jambo ambalo mwanafunzi wa hadithi wa mwaka wa kwanza asingelithubutu.

Vyuo vingi vimekimbilia programu za kunusa maandishi ya mashine. Hapa naona tumegonga mlango usio wetu. Kampuni ya OpenAI, mwenye ChatGPT, ilitoa kitambuzi chake Januari 2023; kwa hesabu zake yenyewe kilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kikawasingizia binadamu mara 9 katika 100. Julai kikaondolewa. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vitambuzi saba kwa insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine, kwa sababu msamiati wake ulikuwa wa kawaida, usio na mambo mengi. Hicho ndicho Kiingereza cha mtu aliyekisomea darasani, Dodoma au Eldoret. Na vijana wa Kenya wanaolipwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Ulaya na Marekani, kazi iliyokuwepo kabla ya ChatGPT, kitambuzi cha mashine kitawanasa wapi? Chanzo, kwa upande wake, hakihitaji kunuswa. Kipo au hakipo.

Atasema mtu kwamba mashine za sasa hutafuta mtandaoni na kuleta viungo vya kweli. Sawa, lakini kiungo kufunguka hakuthibitishi kwamba kilichomo ndicho kilichodaiwa. Pingamizi zito zaidi linatugusa sisi wenyewe. Mwaka 2003 watafiti Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury walifuatilia makosa ya tarakimu yanayonakiliwa kutoka orodha moja ya marejeleo hadi nyingine, wakakadiria kwamba kiasi cha mtu mmoja tu kati ya watano wanaonukuu ndiye aliyesoma chanzo. Mashine imerithi tabia yetu. Kosa la mwalimu halimhalalishii mwanafunzi, ila linamnyima mwalimu haki ya kukemea kwa sauti kubwa.

Na mhadhiri mwenye wanafunzi 300 afanyeje? Achague marejeleo mawili katika kila kazi, amtake mwanafunzi alete picha ya ukurasa alioutumia na mistari mitatu, iliyoandikwa palepale darasani, ya kueleza ukurasa unasema nini na yeye anaukubali wapi. Aliyetumia mashine kunyoosha Kiingereza chake aseme, asiadhibiwe. Aliyekosa kitabu akanukuu kupitia kwa mwingine aandike hivyo bila haya, wala asipunguziwe alama. Wengi watakuwa hao, maana majarida mengi yamefungiwa nyuma ya ada ambazo maktaba zetu hazizimudu. Ada hizo, na anayezipokea, ndizo habari za sehemu ya tatu.