Kwa nini ni vigumu kutabiri mapigo ya moyo yanayoua

Na Mwandishi Wetu

MTU mwenye moyo uliodhoofika anaweza kuamka salama, akanywa chai na familia yake, na kabla ya adhuhuri akaanguka na kufa ghafla. Mara nyingi chanzo huwa ni kuvurugika kwa umeme unaoongoza mapigo ya moyo.

Misuli ya moyo iliyokufa kutokana na shambulio la moyo huacha kovu. Umeme haupiti vema katika kovu hilo, hivyo huweza kuzunguka kandokando yake bila kukoma. Chemba za chini hupiga kwa kasi mno, kisha hutetemeka tu pasipo kusukuma damu. Mgonjwa huzimia katika sekunde chache, na asiposhtuliwa moyo kwa umeme mapema, hufariki dunia.

Kipo kifaa kinachopandikizwa kifuani ambacho hutambua hali hiyo na kuushtua moyo papo hapo. Mgonjwa wa kwanza alikipata mwaka 1980 mjini Baltimore, Marekani. Swali gumu ni nani apewe.

Kigezo kikuu ni nguvu ya kusukuma damu. Moyo wenye afya hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo katika chemba ya chini ya kushoto kwa kila pigo. Kiasi hicho kikibaki asilimia 35 au chini yake licha ya dawa, madaktari hufikiria kifaa hicho.

Utafiti uitwao MADIT-II, uliochapishwa mwaka 2002, ulihusisha watu 1,232 waliowahi kupata shambulio la moyo. Katika wastani wa miezi 20, walikufa asilimia 19.8 ya wasio na kifaa na asilimia 14.2 ya waliokuwa nacho. Hivyo vifo takriban sita viliepukwa kwa kila watu 100 waliopandikizwa. Wengi waliobaki walibeba gharama, hatari ya maambukizi na ya kushtuliwa bila sababu.

Mwaka 2016, utafiti wa Denmark kwa wagonjwa 1,116 ambao udhaifu wa moyo wao haukutokana na kuziba kwa mishipa ulionyesha kuwa kifaa kilipunguza vifo vya ghafla, lakini si jumla ya vifo.

Upande wa pili, watu wengi wanaokufa ghafla huwa na kipimo kilicho juu ya asilimia 35, hivyo kigezo hicho huwapita. Ndiyo maana watafiti sasa wanachunguza pia picha za sumaku zinazoonyesha ukubwa na umbo la kovu.

Kwa sasa, mgonjwa wa moyo asiache dawa alizoandikiwa bila ushauri wa daktari. Akizimia ghafla, au iwapo nduguye wa damu aliwahi kufa ghafla akiwa kijana, amweleze daktari mara moja. Taarifa hiyo yaweza kusaidia pale ambapo kipimo kimoja hakitoshi.